Moto Uliolala Kwenye Sinki

Mvua ya kwanza ikinyesha kwetu Njombe, kesho yake kumbikumbi wanatoka, na mimi kumbikumbi walikuwa wananitoa akili kabisa. Sijui kama wewe umewahi kuwala. Unawapukuta mbawa, unawakaanga bila mafuta kwenye chungu, chumvi kidogo, umemaliza. Niliwahi kumweleza mjukuu wangu hapa Laurel, huku ughaibuni, akanijibu kwa Kiingereza kwamba ni kitu cha kutia kinyaa, huku anakula vile vitafunwa vyake vya pakiti, vya rangi ya machungwa inayobaki vidoleni mpaka kesho. Sawa. Kila mtu na kinywa chake.

Lakini sikutaka kuzungumzia kumbikumbi. Nilitaka kuzungumzia moto, na kumbikumbi wameingia kwa sababu ndio walionikosesha.

Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenilea. Shule niliacha darasa la nne, si kwa kukosa akili, ni kwa ubishi, na mwalimu naye alikuwa mbishi, tukashindana akashinda. Basi nikawa mtu wa nyumbani kwa bibi. Kuni, maji, kuku, na kazi moja iliyokuwa kubwa kuliko zote, kulaza moto. Kwetu kuna baridi wewe, baridi ya kupasua midomo. Kiberiti kilikuwepo dukani, lakini bibi hakukipenda, alisema moto wa kiberiti hauna kwao. Kwa hiyo jioni unachukua kisiki cha mti wa muwati kilichoshika moto vizuri, unakifunika majivu, unakipapasa kama mtoto anayesinzia, na asubuhi unakifukua, unapuliza, kinaamka. Nikipuliza namsikia bibi kitandani anasema, "Ameamka?" Namjibu, "Ameamka." Ndiyo ilikuwa salamu yetu ya asubuhi. Moshi ule bado ninao puani. Nguo za bibi, blanketi lake, hata uji wake, vyote vilikuwa na harufu ile moja.

Ng'ambo ya mto alikaa jirani ambaye bibi hakula chake. Habari yenyewe nilikuja kuielewa nikiwa mkubwa. Babu alikunywa pombe kwa yule jirani akarudi anaumwa tumbo, na siku ya tatu wakamzika. Hakuna aliyethibitisha kitu. Bibi hakumtukana, hakwenda kwa mganga, walisalimiana kisimani kama watu. Ila chake hakikuingia mdomoni mwake. Si chakula, si maji, si chumvi, na moto wake haukuingia jikoni mwetu.

Sasa kumbikumbi wakatoka. Nikakimbilia kumbikumbi, moto nikauacha wazi, mvua ikarudi, paa letu lilikuwa na tundu. Nikakuta majivu mabichi. Bibi yuko shambani, karibu kurudi. Nyumba ya karibu yenye moshi ilikuwa ile ya ng'ambo. Nikachukua kigae, nikavuka, jirani akanipa kaa kubwa jekundu, akatabasamu, akaniambia nimsalimie bibi. Nikawasha. Bibi akarudi, akapika, akala, akasema ugali umeiva vizuri leo.

Alikuja kujua baada ya siku mbili, kisimani. Yule jirani alimuuliza kwa upole kama moto wake umempendeza. Bibi akarudi bila maji. Akatawanya mafiga, akafagia majivu yote akayatupa mbali, na siku tatu akawa anakula ndizi mbivu na maziwa tu. Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliniambia mara moja tu, amenigeuzia mgongo:

"Moto kuzimika si kitu, mjukuu wangu. Umenilisha nisichokijua."

Na kulaza moto hakunipa tena. Alilaza mwenyewe mpaka alipokufa.

Haya. Miaka ikaenda, binti yangu akawa nesi, akanileta huku nimeshaota mvi. Mzee mzima nikakaa kwenye apatimenti naangalia televisheni nisiyoielewa, nikaona nitaoza. Akanitafutia kazi za kutunza wazee wenzangu. Wengi wetu tunafanya hizo, wa Kenya wengi, wa Kongo, wa kwetu. Nimewaogesha wazee wengi, nikisema nawahesabu nitadanganya. Mmoja tu ndiye anayenijia mpaka leo, kila nikisikia mtu anavuta pumzi kwa nguvu.

Alikuwa mzee wa Kiyahudi, upande wa Silver Spring, kwenye mtaa ambao Jumamosi hakuna anayewasha gari, watu wote wamevaa vizuri wanatembea kwa miguu katikati ya barabara kama wanakwenda harusini. Mkewe alishakufa. Kiharusi kilimnyang'anya vidole, akigusa kitu hajui kama ni cha moto au baridi, na macho yalikuwa na ukungu, anaona mwanga na kivuli basi. Alikuwa mcheshi. Siku ya kwanza alionja supu yangu akaniuliza kama mimi na chumvi tumegombana. Ana binti mmoja, anaishi Woodbridge, anakuja Jumapili. Binti hafuati dini, aliniambia mwenyewe anakula kila kinachopita mbele yake. Lakini jiko la baba yake aliliheshimu. Sufuria za nyama zina utepe mwekundu, za maziwa wa bluu, maana kwao nyama na maziwa havikutani. Mimi nilizichanganya wiki ya kwanza, kijiko cha bluu kikazama kwenye nyama, nikamwambia, mzee akasema, "Bibi yako angekupiga." Nikamwambia hapana, bibi yangu hakupiga, na hiyo ndiyo ilikuwa shida. Ndivyo nilivyoanza kumsimulia habari za moto.

Naye akanieleza wa kwao. Katika dini yao, chakula kilichopikwa na mtu asiye Myahudi peke yake hakiliwi, hata kama nyama ni yao, na sufuria ni zao, na chumvi wamenunua wenyewe. Kinacholika kibichi, kama matunda, hakina neno. Lakini kitu cha kupikwa lazima mkono wa Myahudi uwemo. Wengine wanataka mpaka sufuria waiweke wao jikoni. Kwao yeye, kwa wazazi wake, ilitosha awashe moto. Kwa hiyo kila asubuhi nilimshika kiuno tukaenda jikoni, akapapasa kitufe cha gesi, akakizungusha, moto ukashika, akarudi kukaa. Kuanzia hapo ni mimi.

"Moto wangu, mikono yako," alikuwa anasema. "Mungu ataona tumeshirikiana."

Siku moja nikamuuliza kwa nini anajisumbua, maana hapo ni mimi na yeye tu. Akanijibu jambo ambalo sikulisahau. Alisema amri nyingi amezivunja, amedanganya, amegombana na ndugu yake mpaka wakazikana hawasemezani, na mengine hayafai kusemwa mbele ya mtu anayekuogesha. Hili moja hajalivunja. Toka jikoni kwa mama yake mpaka leo, hajala cha moto wa mtu mwingine. "Nina kimoja tu cha kumwonyesha mama," akasema.

Majani yalipoanza kudondoka alianguka, wakampeleka hospitali. Siku za kwanza chakula chao kilichelewa kupangwa, au kiliandikwa vibaya, sijui. Yeye alikula ndizi na tufaha tu, akakataa vingine vyote. Aliporudi nyumbani suruali ilikuwa inamvuka akisimama. Daktari alimwambia binti, nami nimesimama pale, kwamba akikaa tena hivyo bila kula hatutakuwa naye.

Na hakurudi peke yake. Alirudi na mashine ya oksijeni. Ikawekwa chumbani, mrija mrefu unatoka kwenye mashine mpaka puani, anaburuta akitembea. Mashine ile ilikuwa inahema. Inavuta, inasita kidogo, inaachia. Mchana kutwa. Ukiwa jikoni unaisikia kama kuna mtu wa tatu ndani ya nyumba amekaa anakusubiri. Mlangoni wakabandika karatasi, hapa hakuna moto. Nesi aliyekuwa anakuja kumpima akasema jikoni asisogee kabisa, pua yenye oksijeni ikikaribia mwali, uso unawaka kama karatasi. Nami nipikie mbali naye, mlango wa jiko umefungwa.

Mzee akaniita, akanong'ona nani sasa atawasha. Moto wa binti yake, asiyeshika dini, hakuutaka, na kwa majirani aliona aibu kuomba. Nikampa tufaha. Akalila, na tufaha lile lilinitisha.

Usiku wake nikamkumbuka bibi. Asubuhi nikamwuliza mzee, moto wake ukizaa mwingine, huo mwingine ni wa nani? Akafikiri. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hata wakubwa wa dini yao wamelizungumza hilo, na kwao mwali uliotoka kwenye mwali wake ni wake. Basi bwana. Nikaenda duka la Walatino, wahamiaji Wakatoliki wale, nikanunua mishumaa ile mirefu ya ndani ya glasi, inayowaka siku nyingi. Nikaleta bila kuangalia, mzee akaushika mmoja, akausogeza machoni, akaona kivuli cha mwanamke mwenye shela. Kumbe ni Bikira Maria.

"Huyu binti ni wa kwetu," akasema, "lakini mvue karatasi."

Tukazima mashine. Akavua mrija, tukausogeza mbali, tukakaa muda mpaka hewa itulie. Akawasha kiberiti mwenyewe. Njiti ya kwanza ilivunjika, ya pili ikazimika, ya tatu ikashika. Mshumaa ukawaka. Kufikia hapo uso wake ulikuwa rangi ya majivu na midomo ya bluu, nikamrudishia mrija, nikampepea kwa gazeti. Nesi alipokuja kupima alitutazama wote wawili. Akaniambia pembeni, mkirudia mchezo huo mtamtoa hapa amelala.

Kwa hiyo moto ukawa ule mmoja. Niliulaza kwenye sinki, kwenye chuma, mbali na mapazia, mlango wa jiko umefungwa. Nikitaka kupika nachukua kijiti cha mshikaki, nachota mwali, nawashia jiko. Mshumaa ukikaribia kuisha, nawasha mwingine kutoka kwake. Ijumaa nauweka mpya kabla jua halijazama, maana Sabato yao ikishaingia hawawashi moto. Jirani yangu wa Kongo, anayeshika zamu nisipokuwepo, nilimfundisha naye, akanicheka akasema mimi ni padri wa sinki, lakini alifanya. Asubuhi nikiingia, kabla sijavua koti, namsikia mzee chumbani, katikati ya ile mashine inayohema:

"Ameamka?"

"Ameamka, mzee."

Nikwambie ukweli, nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu nilipokuwa mtoto. Utu uzima wote huu, na nimepewa tena kazi ile.

Binti hakufurahi. Alikuja Jumapili, akafungua mlango wa jiko, akaona mwali kwenye sinki, akaganda.

"Unataka kumlipua baba yangu?"

Nikamweleza. Akasikiliza, si mtu mbaya yule, akakaa akashika kichwa. Halafu akasema kwa sauti ndogo, uzime. Mwambie unawaka. Hataona. Nikamwambia dada, hilo siwezi, niliwahi kulifanya. Akadhani natania. Wiki iliyofuata alileta mshumaa wa betri, ule wa plastiki wenye ulimi unaochezacheza, akauweka juu ya kabati. Kwa dharura tu, akasema. Nikawa nikipita naukwepa kuuangalia.

Theluji ya kwanza ilianguka mchana. Nilikuwa namenya viazi. Mashine inahema kule chumbani, halafu nikasikia kitu kingine, kitu kinakwaruza sakafu ya ukumbini, taratibu, kinasimama, kinakwaruza tena. Nikasimamisha kisu. Ulikuwa mrija. Mzee ameamka mwenyewe, anakuja, anaburuta, na mkono unapapasa ukuta. Nikamwita asimame. Vifaa vyake vya kumsaidia kusikia alikuwa ameviacha mezani, hakunisikia. Anaongea peke yake, anasema anakuja kumsalimia rafiki yake, leo kuna baridi.

Kitasa cha mlango kikazunguka. Mwali umesimama wima kwenye sinki, mdogo, mtulivu, na yeye ana kawaida ya kuinama kabisa akitaka kuona kitu, pua juu yake.

Baadaye nimewaza sana. Ningeweza kuubeba nikatoka nao mlango wa nyuma. Ningeweza kumkamata pale mlangoni. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye bomba. Maji yakaingia kwenye glasi, ukafanya sss, kamoshi kembamba, basi. Akaingia.

"Yuko wapi?"

Nikaangalia ile suruali iliyofungwa kwa kamba.

"Huyo hapo mbele yako, mzee," nikamwambia karibu na sikio.

Akainama juu ya glasi iliyojaa maji, taa ya jikoni inamemeta ndani yake. Akanyoosha mikono yote miwili, akaikunja na kuikunjua juu yake, anaota moto. Akasema, "Aa. Vizuri." Akakaa hivyo muda mrefu. Mimi nimeshika kisu na kiazi. Halafu akaniomba supu.

Jiko la supu ile nililiwasha kwa kiberiti. Akaimaliza, akaomba tena, akasema toka nimeanza kazi sijapika supu kama ile.

Kuanzia siku hiyo mshumaa wa betri ukaingia ndani ya glasi. Binti alifurahi sana, akanipiga bega, akasema unaona, ni kitu rahisi tu. Na kweli baba yake alianza kunenepa. Shavu lilirudi. Daktari akasifu chakula. Mzee akawa anawasimulia wageni waliokuja kumwona, watu wa dini yake wenye kofia, jinsi mimi nilivyolinda moto wake tangu majani yalipodondoka, na wale watu wananishika mkono wananishukuru, wengine machozi yanawalenga. Nashukuru, nasema. Karibuni tena. Asubuhi naingia, theluji viatuni.

"Ameamka?"

"Ameamka, mzee."

Nikawa silali vizuri. Nikiwa kwenye basi nasikia ile mashine. Nilifikiria kumwambia, kila siku nilisema leo. Halafu namwona anatafuna, naona mfupa wa bega umeanza kufunikwa, naona tufaha liko pale kwenye sahani linasubiri, namwongezea supu. Nikimwambia anaacha kula na anakufa. Nisipomwambia, nimemnyang'anya kile kimoja, na anakwenda kwa mama yake mikono mitupu akidhani imejaa. Uniambie wewe ungefanya nini. Nimewauliza watu kanisani, kwa mafumbo, kila mmoja ananipa jibu lake, hakuna lililonilaza.

Siku hizi hata huo moto wenyewe haupo. Kwa bibi mpwa wangu amejenga kwa matofali, ana mtungi wa gesi, yale mafiga sijui yalikwenda wapi. Hapa kwangu Laurel jiko ni la umeme, duara linakuwa jekundu halafu linakuwa jeusi, hakuna mwali, hakuna cha kulaza wala cha kuamsha. Wajukuu zangu hawajawahi kuona majivu. Mimi nikipika nageuza uso.

Ilikuwa Jumapili, mwezi wa pili nadhani. Jioni ya mapema, jua linazama mapema huku. Binti yuko sebuleni kwenye simu. Mzee akaniambia leo ni siku ya kumbukumbu ya mama yake, wana desturi ya kuwasha mshumaa jua likizama, unakesha. Ameutunza mmoja, mfupi, kwenye kopo. Akasema atauwasha mwenyewe, na atauwasha kutoka kwenye moto wetu, maana ni ule ule.

Nikamwambia mzee, hapana, pumzi. Nesi alikataza. Akaniambia pumzi anayo, nimemlisha mwenyewe. Akanyoosha mkono akaizima mashine. Nyumba ikawa kimya, kimya ambacho sikuwa nimekisikia tangu majani yalipodondoka. Akavua mrija, akauning'iniza kwenye kitanda, akanipa bega lake nimshike. Nikamshika. Tukaenda jikoni, hatua kwa hatua, anavuta hewa kwa mdomo.

Nikampa kijiti kirefu, kwa sababu alikiomba. Akainama kwenye sinki. Ule ulimi wa plastiki unachezacheza. Akaipeleka ncha ya kile kijiti mpaka ikagusa, akaituliza pale, anasubiri, anaongea kidogo kidogo kwa lugha yao, nadhani anaongea na mama yake.

Haukushika. Akaisogeza kidogo. Akasubiri tena. Midomo inaanza kuwa bluu.

"Umezeeka kama mimi," akasema, na akatabasamu upande niliokuwa nimesimama. "Tuupe muda."

Nikamsogezea kiti nyuma yake, akakaa, bado amenyoosha mkono. Nikavua aproni nikaitundika. Nikapita chumbani nikaiwasha mashine, ikaanza kuhema, nikamletea mrija nikamwekea puani, hakunizuia, macho ameyakaza kwenye ile taa. Sebuleni nikamwambia binti nenda jikoni kwa baba yako. Akaninyooshea kidole kimoja, nisubiri, bado yuko kwenye simu. Nikamtoa simu sikioni, nikamwonyesha jikoni, akainuka akaenda.

Nikachukua koti langu. Nikaurudisha mlango taratibu usipige kelele. Nikashuka ngazi, nikapita njia waliyochota theluji, nikaenda kituo cha basi, na nyumba ile sikurudi tena.